Igoki Wawili kwenye Disketi Moja

Nyinyi vijana mnafuta picha vile mtu anavyopangusa jasho. Nawaona. Mjukuu wangu ameketi hapa kwenye kiti changu, kidole kinakwenda tu: hii itoke, hii amefumba macho itoke, hii ina giza itoke. Nikimuuliza kama amesoma kile simu ilichomuuliza kabla hajabonyeza, ananijibu mimi bibi yake, "Cucu, hiyo huuliza tu." Huuliza tu. Nimefanya kazi ya kompyuta na picha mjini Embu mpaka macho yangu yakakataa, na ninachowaambia ni kwamba mle ofisini mwetu ile mashine ndiyo peke yake iliyokuwa na adabu ya kuuliza kabla ya kuharibu.

Basi kaeni. Kutengeneza tovuti mmenishinda, sitajaribu. Nitawaambia habari za kuitunza, za kuandaa picha, na za kutafuta faili iliyopotea, kwa sababu hizo kazi naona mnazikimbia. Mtacheka mahali fulani fulani. Hata sisi tulicheka, maana ukikaa na kazi kama ile bila kucheka utarudi nyumbani ukiwa mgonjwa.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, ubavuni mwa bucha. Mwenyewe alikuwa Mzee Njeru, mtu mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ya uchapaji Nairobi akarudi kwao na kompyuta mbili, skana moja na modemu. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa serikali huko Siakago. Wakaja kupunguza wafanyakazi, nikawa miongoni mwa waliopunguzwa, nikapanda Embu kutafuta kazi na vidole vyangu. Njeru aliniketisha mbele ya kompyuta, akaniambia niandike jina langu, kisha akaniambia nilifute, kisha akaniuliza, "Wawira, sasa jina lako liko wapi?" Nikamwambia limeisha. Akasema, "Bado liko. Mashini imesahau tu mahali limeketi." Huo ndio uliokuwa mtihani wangu wa kuingia kazini, na nadhani nilianguka, lakini alinichukua.

Watu hufikiri kazi ya ofisi kama ile miaka ya tisini ilikuwa barua za kuomba kazi. Kazi ilikuwa mazishi. Vile vijitabu vyenye picha ya marehemu mbele na historia yake ndani, ndivyo vilivyotulisha. Ule ugonjwa tuliupa kila jina isipokuwa lake. Niliandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi" kwa watu niliokuwa nimewaona wakipita mlangoni petu mwaka mzima wakipungua, shati likizidi kuwa kubwa. Kompyuta zile zilikuwa na nafasi ndogo sana, kwa hivyo kila Jumatatu asubuhi tulifuta marehemu wa wiki iliyopita ili tupate pa kuweka wa wiki hiyo. Nilikuwa nachukia Jumatatu. Hadi leo sizipendi.

Hapo ndipo nilipojifunza kuandaa picha. Watu wetu walikuwa na picha za aina mbili, ya kitambulisho na ya harusi ya mtu mwingine. Wanakuletea ile ya harusi, wanakuonyesha kichwa kidogo nyuma kabisa, wanasema ni huyu. Kwanza pangusa kioo cha skana kwa kitambaa kikavu, kwa maana vumbi dogo pale litakuwa kidonda usoni mwa mtu. Pili, iskani kubwa kuliko unavyohitaji. Picha kubwa utaipunguza wakati wowote, lakini ndogo ukiivuta haitakupa kitu ila ukungu. Tatu, na hili Njeru alilisema kila siku mpaka nikawa naliota, usiguse ile ya kwanza. Itolee nakala, hiyo nakala ndiyo uikate, uing'arishe, uibane upendavyo. Kila unapobana picha na kuihifadhi tena inapoteza kitu kidogo, na hakirudi.

Kisha kuna mikono. Ukimkata mtu kutoka kwenye kundi, mkono wa rafiki hubaki begani mwake, vidole tu, kama vya mzimu. Nimefuta vidole vingi. Nimefuta chupa, nimefuta sigara, nimefuta hata mke wa kwanza kwa amri ya mke wa pili. Na nimevalisha watu tai. Kulikuwa na tai moja ya mistari niliyoitoa kwa mwalimu mmoja marehemu, ikawa inatosha kila shingo. Nafikiri nusu ya wanaume waliozikwa upande wetu wakati ule walivaa tai ya yule mwalimu, na hakuna familia iliyolalamika. Njeru alikuwa fundi wa mambo hayo. Alikuwa anaweza kufungua macho ya mtu aliyefumba. Mimi sikuwahi kumfikia.

Disketi nazo zilikuwa na maadui. Hamkuziona nyinyi, vile vibao vyeusi vya plastiki vyembamba, upana wa kiganja, ambavyo kazi iliyoingia ndani ilikuwa kidogo sana. Karani mmoja wa ofisi za serikali alituletea yake ikiwa tupu kabisa, anatoa jasho, kazi yote ya mkubwa wake imepotea. Alikuwa ameitunza vizuri, akasema, juu ya spika ya redio ambako watoto hawafiki. Sumaku ya spika ilikuwa imeifuta taratibu huku yeye akisikiliza habari. Njeru alimtazama kwa huruma akamwambia, "Ndugu, ungeachia tu watoto."

Mambo ya mtandao yalipofika, tulikuwa na simu moja, na tuligawana laini na Abdi mwenye bucha. Modemu ilikuwa inapiga simu Nairobi kama mtu, inalia, inakoroma, halafu faili zinaanza kupanda pole pole. Sasa Abdi akiinua simu yake kuuliza ng'ombe wamefika wapi, picha inakatika nusu. Mtu wa ng'ambo akifungua ukurasa anaona paji la uso na chini yake hakuna kitu. Tukajifunza kupandisha faili saa Abdi yuko msikitini. Alipojua, akawa anatuaga mlangoni, "Naenda kuswali, pandisheni mambo yenu." Mtu mwema sana. Yeye na Njeru walikunywa chai pamoja kila asubuhi, na sikuwahi kusikia wakizungumza jambo lolote zaidi ya mvua.

Tovuti tuliyokuwa tunaitunza ilikuwa ya makao ya watoto yatima, huko chini upande wa Siakago. Mgeni mmoja alikaa pale kwa muda, akawatengenezea, kila mtoto na ukurasa wake: picha, jina, na maneno machache, kwamba anapenda kuimba au anapenda mbuzi. Aliwapiga picha wote, akatuachia tuziskani, kisha akarudi kwao. Tovuti ikabaki bila mwenyewe, ndipo msimamizi wa makao akatuletea sisi.

Kutunza tovuti ni kama kuosha vyombo. Hakuna anayekusifu, lakini ukiacha, kila mtu anaona. Bonyeza kila kiungo wewe mwenyewe, usiamini kwamba kilichofanya kazi jana kinafanya leo. Fungua ukurasa kwa kompyuta nyingine, si ile uliyoutengenezea. Nyuma ya kila picha andika maneno ya kusema ni nani, ili picha ikikataa kuja, jina lije. Badilisha umri wa mtoto akikua. Na mtoto akiondoka, mtoe. Walikuwa wanaondoka. Wengine walichukuliwa na shangazi zao. Wengine hawakuchukuliwa na shangazi.

Sasa nawaleta kwa Cucu Igoki.

Alikuja asubuhi moja, mwanamke mzee mwembamba, leso begani, vumbi la Mbeere, huko chini Siakago, miguuni mpaka magotini. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie, na hata alipoingia hakuketi.

"Mimi nimekuja kuona hiyo mtoto yangu," akasema. "Wamesema ako ndani ya mashini yenu."

Nilimletea kiti, nikamwuliza ni mtoto gani. Akasema ni Igoki, mjukuu wake, mtoto wa kijana wake mkubwa. Alikuwa kule makao. Alishikwa na kifua akapelekwa hospitali, na yeye wakati huo alikuwa mbali, Ruiri, huko juu Meru, akivuna viazi vya watu ili apate chochote cha kurudi nacho nyumbani. Habari ilimtafuta ikamkosa. Aliporudi alikuta wameshazika.

"Sikuona yeye," akasema. "Si akiwa mgonjwa, si akiwa amelala. Nimeonyeshwa udongo. Nikauliza, picha iko? Yule msimamizi akaniambia ile ya karatasi ilitumwa ng'ambo kwa ule mzungu wa kumsaidia, lakini ingine iko Embu kwa Njeru. Hiyo tu ndiyo nataka. Nione uso yake mara moja, nijue ni nani nimezika."

Nilimwambia pole. Nikamwambia hilo ni jambo dogo, Cucu, ngoja. Nilitoa disketi ya makao kwenye sanduku, nikaiingiza, nikatafuta faili yenye jina Igoki, ikafunguka. Msichana wa miaka kama saba, kichwa kimenyolewa, anacheka. Nikaigeuza kompyuta aione.

Alisogea karibu. Akatazama. Akasema kwa upole kabisa, kama anayemwonea mtu haya, "Hapana, mwana wakwa, mwanangu. Hii ni Igoki ingine. Hii ni ya kijana wangu mdogo. Hii iko hai, nimeiacha nyumbani asubuhi."

Nyinyi mliozaliwa huku mnajua vile majina yetu yanavyokwenda. Binti wa kwanza anapewa jina la mama wa baba yake. Mama akiwa na wana wawili waliooa, atakuwa na wajukuu wawili wenye jina lake, na akiwa na watano, watano. Cucu Igoki alikuwa na wana wawili, na wote wawili walishakufa, na wake zao walishakufa, wakamwachia Igoki mmoja mmoja. Wa kwanza aliingia makao wakati ule mgeni anapiga picha. Wa pili alikaa na cucu yake kwanza, akaja kupelekwa makao baadaye chakula kilipoisha kabisa, akapigwa picha yake na msimamizi, ikaletwa kwetu. Sasa huyo wa pili alikuwa amerudishwa nyumbani kwa cucu, baada ya kifo cha mwenzake.

Njeru alikuwa ameketi kwa meza yake. Alikuwa amesikia kila neno. Niliona mikono yake imetulia juu ya vibonyezo, haisogei.

Ile picha ya pili yeye ndiye aliyeipokea. Aliiskani, akaandika jina la faili, Igoki, na mashine ikamwambia kwa adabu yake kwamba tayari Igoki yumo, je, nimwondoe huyo niweke huyu? Akasema ndiyo. Alifikiri ni mtoto yule yule, kwamba makao wamemtumia picha mpya kwa sababu watoto hubadilika. Alikuwa anamjua Cucu Igoki kwa mbali, alijua ana mjukuu makao. Yeye mwenyewe, Njeru, alikuwa na jina la babu yake, na binamu zake waliitwa Njeru mpaka wakitukanana kwa mbali hujui nani anatukanwa. Na bado. Mtu anayeishi ndani ya desturi haioni, ndivyo ninavyofikiri. Angekuwa mtu wa mbali angeuliza, mbona hawa wawili jina moja.

Akasimama haraka, akaja, akanyoosha mkono aanze kubonyeza. Nikamshika kifundo cha mkono. Sikuwahi kumgusa mzee yule kabla ya siku hiyo.

"Mzee," nikamwambia, "wewe ulinifundisha. Usiandike kitu chochote juu yake."

Akaketi. Akasema, "Kweli. Toa hiyo disketi, fungua kile kidirisha chake."

Hapa sikilizeni hata kama mmechoka kunisikiliza. Faili ikipotea, jambo la kwanza ni kuacha. Toeni mikono. Mashine haifuti kitu, inasahau tu mahali kilipo, na kinabaki pale pale mpaka kitu kingine kiketi juu yake. Kila unachohifadhi baada ya hapo kinaweza kuwa ndicho kitakachokikalia. Disketi zilikuwa na kidirisha kidogo pembeni, ukikisukuma hakuna anayeweza kuandika ndani. Siku hizi mna njia zenu, ni jambo lile lile. Kisha nakili disketi nzima, kipande kwa kipande, pamoja na zile sehemu zinazoonekana tupu, na ufanye kazi juu ya hiyo nakala. Ya asili iweke kando.

Nilimwambia Cucu arudi baada ya siku chache. Sikumwambia tutapata. Alisema, "Sawa, ngoja mimi nitakuja," kana kwamba sisi ndio tuliohitaji kutulizwa, akaenda.

Njeru alikuwa na programu kutoka Nairobi iliyoonyesha disketi jinsi ilivyo, namba na alama tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Tuliketi nayo. Kompyuta zote mbili tulikuwa tumezifuta mara nyingi kwa ajili ya mazishi, humo hakukuwa na tumaini. Mtandaoni picha ya pili ilikuwa imeshapandishwa juu ya ya kwanza, na watu wa ng'ambo walikuwa wanamtazama Igoki aliye hai wakisoma habari za yule mwingine. Ilibaki disketi tu. Na disketi ilikuwa imejaa, kwa hivyo ile picha mpya, ilipoambiwa iingie, haikuwa na pa kukaa isipokuwa pale pale alipoondolewa mwenzake.

Lakini ilikuwa ndogo. Msimamizi alikuwa ameleta kipicha kidogo, Njeru akakiskani kidogo. Picha ya kwanza ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hivyo mpya ilikalia mwanzo wa nafasi ile tu, mwisho haikuufikia.

Sasa aina ya faili tuliyohifadhia picha zile ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: inaandika picha kuanzia chini kwenda juu. Inaanza na shingo, inakuja kidevu, mdomo, pua, macho, na nywele zinakuja mwisho. Njeru ndiye aliyekumbuka. Alisema pole pole, "Wawira, kilicholiwa ni chini. Juu iko."

Kichwa cha faili, yaani yale maelezo ya mwanzo yanayosema picha ni pana kiasi gani, kilikuwa kimeliwa pamoja na kidevu. Tukaazima cha mtoto mwingine aliyepigwa picha siku ile ile. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na utaratibu mmoja: picha zote za yule mgeni tulikuwa tumeziskani upana mmoja, kijivu, bila rangi. Ukikosea upana hata kidogo, uso unalala upande na kupasuka mistari mistari. Mara ya kwanza ulilala. Tukajaribu tena, tukasogeza mahali pa kuanzia, ukalala kidogo. Halafu ukasimama.

Alikuwa na nywele fupi zilizoanza kuota. Paji la uso pana. Juu ya jicho la kushoto kulikuwa na kovu dogo. Macho hayakuwa yanacheka, yalikuwa yanamtazama mpiga picha kwa shaka, kama mtoto anayeuliza kwa nini. Pua karibu yote. Chini ya pua hakukuwa na kitu, weupe mtupu.

Nililia. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimetengeneza marehemu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka na sikuwa nimelia pale ofisini hata mara moja, lakini yale macho yalinishinda.

Njeru hakulia. Alikaa akitazama ule weupe, na nikajua anachofikiri kabla hajasema. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekwisha. Alikuwa amechukua mdomo na kidevu cha Igoki wa pili, akavikuza, akakififisha kicheko mpaka mdomo ukafungika, akaviunga chini ya ile pua. Mshono huoni. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akifanya.

"Hapana, Mzee," nikasema.

"Ni binamu," akasema. "Baba zao wamelala tumbo moja. Mdomo wa huyu na wa yule ni mdomo mmoja. Nani atajua?"

"Yeye atajua."

"Tumevalisha watu tai ya mtu mwingine, hujawahi kusema neno. Ni nini tofauti?"

"Tai hata mwenyewe hakuzaliwa nayo. Huyu unampa mtoto ambaye hakuwahi kuwa."

Akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu. "Mimi ndiye nilimfuta, Wawira. Mtu ametoka Siakago kwa miguu nusu ya njia. Unataka nimpe nusu ya mtoto?"

Nilimkasirikia na nikamhurumia, vyote pamoja, na hata leo sijui ningefanya nini kama ningekuwa yeye. Tulikuwa bado hatujamaliza tuliposikia hodi.

Safari hii Cucu Igoki aliketi. Njeru mwenyewe ndiye aliyemgeuzia kompyuta. Kwenye kioo alikuwepo mtoto mzima, macho, pua, mdomo uliofungwa, kidevu, shingo.

Alitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulianza kufunguka, kisha ukasimama, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na sauti asiyoijua. Aligeuza kichwa upande mmoja, kisha mwingine.

Cucu akanyoosha mkono wake, mkono mkavu wa kulima, akaweka kiganja juu ya kioo, akafunika sehemu ya chini.

"Huyu namjua," akasema. Machozi yakaanza kushuka lakini sauti haikubadilika. "Hii kovu ni ya mbuzi. Nilimwambia asimkaribie ile mbuzi. Huyu ndiye."

Akapandisha kiganja, akafunika macho na paji, mdomo ukabaki.

"Na huyu pia namjua. Huyu nimemwacha nyumbani, ananingoja na maji kwa jiko." Akaushusha mkono magotini. "Njeru, hii mdomo iko na mwenyewe. Bado anaitumia."

Njeru alifunika uso wake kwa mikono. Alimwambia yote, vile mashine ilimuuliza na vile alivyojibu. Cucu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hukujua ni wawili," akasema.

"Sikujua, mama."

"Hata hospitali hawakujua. Waliandika Igoki, wakanyamaza." Akajipangusa kwa ncha ya leso. "Sasa nipe ule alikufa. Yeye peke yake. Hata kama ni kidogo."

Niliifungua ile ya nusu nikaichapisha kwa karatasi nzuri tuliyokuwa nayo. Ilitoka taratibu, nywele kwanza, kisha paji, kovu, macho, pua, halafu karatasi ikaendelea kutoka ikiwa nyeupe. Nilimpa mkononi. Aliyatazama yale macho, akapitisha kidole juu yake, kisha akashuka mpaka kule kweupe, akakirudisha kidole haraka.

"Hii nyeupe kata," akaniambia. "Inakaa kama shuka. Walimfunika nikiwa mbali, mimi sitaki kuiona."

Nilichukua makasi nikakata chini ya pua, pole pole, na yeye akaketi pale akinitazama, kama mama anayengoja mtoto wake amalize kunyolewa.